"Mwalimu, walijuaje?" Mazungumzo na walimu wa historia mjini Iringa kuhusu zamadamu na zana zao

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko imeandika kwamba nitazungumzia mageuko ya binadamu na utamaduni wa zama za mawe, na imenipa saa moja. Mada hiyo inamaliza muhula mzima, nanyi mnajua. Kwa hiyo nimeikata. Nimebaki na swali moja ambalo watoto wa kidato cha kwanza hawachoki kuliuliza na sisi tunakwepa kulijibu: "Mwalimu, walijuaje?"

Ukimwambia mtoto kwamba fuvu la Olduvai, lile bonde la kaskazini mwa Tanzania, lina miaka milioni 1.75, ataandika kwenye daftari. Mtihani ukija atajaza na atapata alama zake. Lakini akirudi nyumbani likizo na mjomba wake akamuuliza nani alikuwepo kuihesabu hiyo miaka, kijana anabaki anatazama chini. Tumempa jibu bila kumpa njia ya kulifikia, na kwa maoni yangu hapo ndipo somo hili linapotufia mikononi. Zama za mawe za kale, za kati, za mwisho. Majina magumu ya Kilatini. Basi, kipindi kimekwisha.

Tuanze na mawe yenyewe. Naomba mpitishiane haya mawili. Moja nimeliokota kando ya Ruaha Mdogo, mmeliona, maji yameliviringisha mpaka limekuwa laini kila upande. Jingine nimelipasua mwenyewe jana jioni. Angalieni vidole, lina makali.

Ukishika jiwe gumu lenye chembe ndogondogo, ukaligonga karibu na ukingo wake kwa jiwe jingine la duara, kwa pembe isiyofika nyuzi 90, linatoka banzi. Hilo banzi, pale chini ya sehemu iliyogongwa, lina uvimbe mdogo. Lipapaseni kwa kidole gumba, mtausikia. Kwenye jiwe mama, pale banzi lilipotoka, unabaki mbonyeo unaolingana na ule uvimbe. Mgongaji akiligeuza jiwe mama na kutumia ukingo mpya alioupata kugonga tena, mbonyeo wa pili unaukata wa kwanza, na wa tatu unaukata wa pili. Mwanaakiolojia akilitazama anaweza kukuambia pigo lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Mto nao hugonga mawe, hilo ni kweli. Mara mojamoja jiwe la mtoni hutoa banzi lenye uvimbe uleule. Lakini mapigo ya mto huja ovyo, huku moja kule moja, na kingo zake husuguliwa mpaka zinapoteza makali. Ukikuta mawe yenye mapigo sita, saba, yote yakifuata ukingo mmoja, yamelala ndani ya tope laini la ziwa ambalo maji yake hayakuwa na nguvu ya kubeba hata kokoto, ujue kuna aliyeyabeba akayaleta pale. Na mabanzi yenyewe mara nyingine yanarudishwa kwenye jiwe mama. Katika eneo la Lokalalei, magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walikaa na vipande vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2.3 wakavipachika kimoja baada ya kingine mpaka mawe yakarudi karibu na umbo yaliyokuwa nayo kabla ya kugongwa. Kazi ya subira hiyo. Ilionyesha kwamba mgongaji alikuwa akiutunza ukingo wake wa kugongea, akigeuza jiwe kila lilipoanza kumgomea.

Nawatahadharisha, msije mkaaibishwa na mwanafunzi mwenye simu: kule Brazili kuna kima waitwao kapuchini ambao hugonga mawe kwa mawe, na mabanzi yanatoka yakifanana sana na ya zamadamu, yaani viumbe wa ukoo wetu waliotutangulia. Lakini hawayatumii. Wanalamba vumbi la jiwe wanaondoka zao, mabanzi wanayaacha. Kwa hiyo banzi peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Tunatafuta kazi iliyofanywa nalo, na kazi hiyo inaonekana kwenye mifupa. Ncha kali ya jiwe ikipita kwenye mfupa inaacha mfereji mwembamba wenye umbo la herufi V, tofauti na mkwaruzo wa jino la fisi. Pale Olduvai mifupa ya namna hiyo ni mingi: imekatwa palepale misuli inaposhikia mfupa, halafu ikapasuliwa katikati ili kupata uboho. Aliyefanya vile alijua nyama iko wapi.

Sasa turudi kwa mjomba na hesabu yake ya miaka.

Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Louis Leakey alikuwa amelala kambini Olduvai na homa. Mkewe Mary alitoka peke yake na mbwa wake wawili, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko, na meno mawili makubwa. Hilo ndilo fuvu la Zinjanthropus, ambalo leo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwanzoni Leakey alikadiria lina kama miaka laki sita. Mwaka 1961 vipimo vikatoka: milioni 1.75. Dunia ilishtuka, na Leakey mwenyewe alishtuka.

Kilichopimwa kilikuwa majivu ya volkano yaliyolala kwenye tabaka lake, wala si fuvu lenyewe. Majivu hayo yana madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka ndani ya volkano, agoni yote hutoroka. Ukishapoa ukaganda, agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele haina pa kutokea. Hesabu huanza siku ile mlima ulipolipuka. Maabara inapima potasiamu iliyobaki na agoni iliyonaswa, na kwa kuwa kasi ya kugeuka inajulikana, umri unapatikana. Mfupa ulio juu ya tabaka ni mdogo kwa umri, ulio chini yake ni mkubwa. Ndiyo maana Bonde la Ufa limetajirika hivi: volkano zake zilitandika majivu tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka.

Na hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Nimesikia zaidi ya mara moja mtu akieleza kwamba fuvu hili lilipimwa kwa kaboni 14. Hapana. Kaboni 14 inakwisha nguvu ikifika kama miaka elfu hamsini. Mtoto akiandika hivyo kwenye mtihani, tafadhali msimpe alama kwa sababu tu ameandika neno la kisayansi.

Nani basi alizitengeneza zana za Olduvai? Swali hili nalipenda kwa sababu majibu yake yamegeuka mara kadhaa mbele ya macho yetu. Mwaka 1959 Leakey alisema ni Zinjanthropus, kwa kuwa fuvu lilikutwa pamoja na zana. Mwaka uliofuata, bondeni humohumo, mwanawe Jonathan akapata mabaki ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa kidogo na mifupa ya mkono, na mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis, fundi mwenye mikono. Zinj akavuliwa ufundi wake, akabaki mla majani mwenye magego makubwa. Vitabu vyetu vikaishia hapo. Lakini mwaka 2023 zikatangazwa habari za Nyayanga, huko Homa Bay nchini Kenya: zana zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko iliyochunwa nyama, na katikati yake magego mawili ya ndugu wa ukoo wa Zinj. Je, yeye ndiye aliyemchuna kiboko, au naye alikuwa kitoweo? Bado watu wanabishana. Mwambieni mwanafunzi hivyohivyo, kwamba wakubwa bado wanabishana, na mtaona anavyokaa vizuri kwenye dawati.

Zana zenyewe zimezidi kurudi nyuma. Pale Lomekwi, magharibi mwa Turkana, kundi la mwanaakiolojia Sonia Harmand lilipata mawe makubwa yaliyogongwa yenye miaka milioni 3.3. Hapo hata jenasi yetu, Homo, yaani kundi la spishi tulilomo sisi, haijaonekana bado katika visukuku tulivyo navyo. Yaani ufundi wa mawe huenda ulianza kabla yetu, tukaurithi.

Na kabla ya mkono ulitangulia mguu. Laetoli, kilomita zisizozidi hamsini kusini mwa Olduvai, mwaka 1976 wanasayansi waliomtembelea Mary Leakey walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Ndiyo, maprofesa. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, na pua yake ikawa karibu na alama za wanyama zilizoganda kwenye mwamba. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za zamadamu, mstari wa karibu mita 27, umri miaka milioni 3.66. Volkano ilimwaga majivu, ikanyesha mvua ya manyunyu, majivu yakawa tope lenye kushika kama saruji, wakapita juu yake, yakakauka, yakafunikwa na majivu mengine.

Ukizichunguza, kisigino kimetua kwanza, kikaingia ndani. Kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, tofauti na cha sokwe kinachochepuka pembeni ili kushika tawi. Uzito umesafiri kwenda mbele na vidole vikasukuma. Kwa hiyo walikuwa wakitembea wima, na ubongo wao ulikuwa mdogo, hauzidi sana wa sokwe. Mpangilio tuliokuwa tukiufikiria, akili kubwa kwanza na mengine yafuate, umepinduliwa na nyayo hizo. Mwaka 2015, walipokuwa wakipima ardhi kwa ajili ya makumbusho iliyokusudiwa kujengwa Laetoli, Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walipata nyayo nyingine karibu na zile za kwanza. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na urefu wa kama sentimita 165. Mrefu kuliko wengi wetu tulivyodhani zamadamu wa wakati ule anaweza kuwa.

Nitue nyumbani sasa. Isimila iko kilomita kama 20 kutoka tulipokaa, kwenye barabara ya Mbeya. Mwaka 1951 mpita njia aliyekuwa akielekea Johannesburg aliokota mawe pale akatoa taarifa. Mwaka 1957 na 1958 mtafiti Clark Howell na wenzake wakachimba. Sina shaka wachungaji wa hapa walikuwa wakiyakanyaga mawe hayo tangu zamani, ila hakuna aliyewauliza. Wengi wenu mmewapeleka wanafunzi, na najua kinachotokea: wanapiga picha kwenye zile nguzo za udongo, wanakunywa soda, basi linaondoka. Nguzo ni kazi ya mvua na mmomonyoko, nzuri kwelikweli, lakini hazikuipa Isimila sifa yake. Sifa yake ni mashoka ya mkono yaliyolala sakafuni mwa korongo.

Chukua shoka moja la Isimila kwa macho, siyo kwa mkono. Limegongwa pande zote mbili. Kitako kinene, ncha nyembamba, kingo mbili zinakutana. Upande wa kushoto unakaribia kulingana na wa kulia. Mgongaji alianza na bonge kubwa la mwamba, akatoa mabanzi makubwa kwanza kwa nguvu, kisha madogo kwa wepesi ili kunyoosha ukingo. Alilazimika kuona shoka ndani ya bonge kabla ya pigo la kwanza, kwa sababu akikosea katikati, jiwe linakatika vipande viwili na kazi yote imepotea. Na mengine ni makubwa mno kushikwa vizuri kwa mkono mmoja. Hayo yalikuwa ya nini? Kuchimba? Kujionyesha? Mimi naegemea hilo la pili, ingawa siwezi kuwathibitishia. Kipimo kinachotajwa zaidi kwa Isimila ni kama miaka 260,000.

Mtindo huu wa shoka la mkono ulionekana Kokiselei, Turkana, miaka milioni 1.76 iliyopita, na hapa Isimila bado unatengenezwa. Zaidi ya miaka milioni moja, umbo lilelile. Wapo wanaosema hiyo ni dalili ya akili kulala. Sikubaliani nao. Huwezi kujifunza kugonga shoka lile kwa kutazama mara moja. Lazima kuna aliyekaa na mwenziye, akamwonyesha, akamsahihisha pembe, siku nenda siku rudi, na mwanafunzi huyo akaja kuwa fundi wa mwingine. Kwa walimu kama ninyi sidhani kama ninahitaji kulieleza hilo zaidi.

Lakini mambo yakabadilika. Olorgesailie, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Magadi, mashoka makubwa yanatoweka, na kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita zinaonekana zana ndogo, za namna nyingi, nyingine ncha ambazo zingeweza kufungwa kwenye mpini. Baadhi ni za mawe meusi ya volkano yenye kung'aa kama kioo, na mawe hayo hayapatikani pale. Yametoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Mtu anayetafuta chakula kila siku hatembei kilomita 95 kufuata jiwe halafu akarudi. Inaelekea lilipita mikono kadhaa, likitoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Palikuwepo pia mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa. Rangi ya nini, hailiwi, haikati? Ya kujipaka, ya kuonyesha mimi ni wa watu fulani. Huo ndio utamaduni tunaoutafuta kwenye kichwa cha mada yenu, na umeingia kwa mlango wa biashara na mapambo.

Kaburi nalo linajibu swali letu. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, kulikuwa na mifupa laini kiasi kwamba watafiti walishindwa kuichimbua, wakalizungushia bonge zima la udongo plasta na kulipeleka maabara. Ndani alikuwemo mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wakamwita Mtoto. Walijuaje kwamba alizikwa, hakufukiwa tu na udongo? Udongo wa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na wa pembeni. Mwili ulilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na mifupa ilibaki mahali pake, maana yake mwili ulioza humohumo shimoni. Mabega na mbavu zilikaa zimebanwa, kama ilivyo kwa mwili uliofungwa kitu fulani, ngozi au majani. Na shingo ilikuwa imeinama kwa namna inayoonyesha kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye, kikaanguka. Walimwekea mto.

Haya yote kuna watu waliyaona kwa macho. Kwenye vitabu vyetu limejaa jina moja la ukoo, Leakey, na wanastahili. Lakini kijana wa Kikamba Kamoya Kimeu aliajiriwa Olduvai mwaka 1960 kama mchimbaji wa ujira. Mwaka 1964 akapata taya la zamadamu pale Peninj, karibu na Ziwa Natron, hapahapa Tanzania. Mwaka 1967 akapata mabaki ya Omo, Ethiopia, ya binadamu wa aina yetu, ambayo sasa yanahesabiwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Mwaka 1984, siku ya mapumziko, wenzake wamekaa kambini, yeye akatoka kutembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Katikati ya kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cheusi chenye kujipinda kidogo. Mfupa wa paji la uso. Walipochimba wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana wa Homo erectus, zamadamu aliyetutangulia, aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kamoya alifariki mwaka 2022. Hakusomea shahada yoyote, na mwanafunzi wenu aliyepata alama D anapaswa kujua hilo.

Najua maswali mawili yananisubiri, niyamalize kabla hayajaulizwa. La kwanza: kama tulitokana na sokwe, mbona sokwe wa Gombe hawabadiliki? Hatukutokana na sokwe wa Gombe. Yeye ni binamu yetu. Babu yetu wa pamoja aliishi kama miaka milioni sita au saba iliyopita. Wajukuu wakatawanyika, kila mmoja akafuata njia yake, na sokwe naye amebadilika kwa njia yake. Huwezi kumgombeza binamu yako kwa nini hakukuzaa.

La pili ni la dini. Mimi ni mtu wa ibada, na sijawahi kufika kwenye nyumba ya ibada nikaombwa kupima umri wa mwamba. Darasani nawaambia wanafunzi wazi: nitakuonyesha jiwe, mfupa na tabaka, na nitakuambia vilipimwaje. Ukitoka hapa zungumza na wazazi wako na viongozi wako wa dini. Mzazi akija shuleni kulalamika, mkaribisheni ashike jiwe. Wengi huondoka wakiwa na maswali kuliko malalamiko.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, la mwisho ni la utaratibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua zana kutoka Isimila au eneo lolote la namna hiyo, hata banzi moja la kuweka maabara ya shule. Banzi likitoka mahali pake linapoteza tabaka lake, na bila tabaka hatuwezi tena kujibu lile swali la mtoto. Mawe ya kufundishia tutatengeneza wenyewe, na ndiyo kazi ya nusu saa ijayo. Nimeleta ndoo mbili za mawe, ziko nje chini ya mwembe. Kila watu watatu wachukue jiwe mama moja na jiwe la kugongea moja. Miwani ya kukinga macho ipo kumi na mbili tu, kwa hiyo tutapokezana, na asiye na miwani akae hatua tano nyuma. Wenye kandambili naomba mbaki upande wa veranda. Pigo la kwanza litakataa, na la pili pia. Msiongeze nguvu, badilisheni pembe. Karibuni nje.